Moli ni dazeni ya mkemia
Kijana anayekariri kanuni za kemia bila kuzielewa hukwama pindi swali linapogeuzwa kidogo. Chukueni mfano wa moli. Kama dazeni ilivyo hesabu ya vitu 12, moli ni hesabu ya chembe 6.02 × 10²³. Dazeni ya mayai na dazeni ya maembe hulingana kwa idadi, si kwa uzito. Vivyo hivyo moli moja ya kaboni ina gramu 12, na ya maji gramu 18. Je, gramu 36 za maji ni moli ngapi? Muulizeni mwanenu leo baada ya Isha. Asijibu “mbili” tu, bali aeleze sababu. Akimwelewesha mama yake, mtihani hautamtisha, inshaallah.