Msafiri Asijifiche: Pa Kulaza Gari Katika Nchi ya Chai

Watu wa pwani wameanza kupenda safari za bara za namna mpya. Zamani mtu alipanda basi, akashuka kwa jamaa yake, akalala huko. Siku hizi yuko mwenye kigari chake aliyeondoa viti vya nyuma, akatia godoro, madumu ya maji, sufuria mbili na taa, kisha akamchukua mkewe na watoto kwenda kuitazama nchi. Nami ni mmoja wao. Kigari changu ni Hiace kuukuu, na mara kadhaa kimenifikisha Bomet na Kericho. Kila nirudipo, wake kwa waume huniuliza swali lile lile: "Na usiku mwalala wapi?"

Swali hili lina uzito kuliko wadhaniavyo waulizao. Gari laweza kubeba kila kitu, lakini usiku ni sharti lisimame mahali, na mahali hapo pana mwenyewe. Maoni yangu ni kwamba mahali pa salama hapapatikani kwa kujificha. Hupatikana kwa kujulikana. Najua wako wasafiri, hasa vijana, waaminio kinyume cha hayo. Wao husema: tafuta pembe isiyo na watu, zima taa, shusha pazia, kisha ondoka alfajiri kabla hujaonekana. Labda shauri hilo lafaa katika nchi zenye majangwa matupu. Katika nchi ya chai halifai hata kidogo, na sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni kwamba huko hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Mtu akitoka Nairobi kwa njia ya Narok, akapita Mulot na Bomet, kisha akashika njia ya Kapkatet na Litein kuelekea Kericho, huiona michai imetandazwa vilimani kama zulia. Asidhani kuwa ni uwanja wa Mungu. Kuna mashamba makubwa, yaliyoanza kupandwa miaka ya 1920 wakati kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoingia Kericho. Yana mageti, mabawabu, na barabara za ndani zisizo za kila mtu. Kando yake kuna vishamba vya wakulima wadogo, ambako nyumba ya mwenyewe iko papo hapo na mbwa wake yu macho. Tena ardhi hiyo ina uchungu wake. Serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakipsigis katika sehemu kubwa ya nchi yao, na mwaka 1934 ukaamuliwa uhamisho wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto huko Kericho na watu waliolalamika kwamba zinawanyang'anya kazi. Mahali penye mambo kama hayo, gari geni lililojibanza kati ya michai usiku wa manane si jambo la kuchekea.

Sababu ya pili ni ng'ombe. Huko ng'ombe ni mali na ni heshima. Kwenye mpaka wa Sotik na Borabu, wizi wa mifugo umezua ugomvi mara nyingi baina ya Wakipsigis na Wakisii. Sasa wewe umeingia njia ya shamba saa nne za usiku, umezima taa na kushusha pazia. Mwenyeji ajuaje kuwa humo ndani mna mama na watoto wamelala? Yeye ataona gari la kusombea mifugo yake. Atapiga ukelele, na majirani watakuja na marungu kabla ya kuja na maswali. Wala hutaweza kumlaumu.

Sababu ya tatu ni barabara yenyewe. Wako wachovu wanaoona ni heri kusimama kando ya barabara kuu, penye njia panda na vibanda vya wachuuzi, wakisema penye watu hapaharibiki neno. Na wakumbuke yaliyotokea jioni ya tarehe 30 Juni 2023 katika njia panda ya Londiani. Lori lilikosa mwelekeo, likayagonga magari na matatu, likawapitia wachuuzi waliokuwa kando ya njia. Waliokufa walizidi 50. Kabla ya hapo, tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilipinduka karibu na Fort Ternan, na huko nako wakafa zaidi ya watu 50. Nchi ile ni ya vilima, ukungu na mvua, na malori huteremka kwa kasi. Kando ya barabara si mahali pa kulaza watoto, hata pakiwa na taa na watu.

Basi mtu afanye nini? Sisi wa pwani hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Nahodha wa jahazi hatii nanga popote palipomchosha. Huitafuta bandari jua lingali juu, huuliza wenyeji mwamba uko wapi na upepo wavuma kutoka wapi, na akishuka pwani huenda kwanza kumsalimu mkubwa wa mji. Wazee wetu waliokwenda na misafara ya bara nao walifanya vivyo hivyo: hawakupiga hema katika nchi ya mtu bila ya kumpelekea habari mtawala wake. Walijua kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani.

Kigari nacho ni chombo, na kanuni yake ni ile ile. Kwanza, fika mapema. Katika nchi ya Kericho mvua hupenda kunyesha baada ya adhuhuri, mara nyingi pamoja na radi, na mara nyingine mvua ya mawe. Anayefika saa kumi za alasiri huona mteremko uko wapi, maji yapita wapi, na udongo upi utageuka utelezi. Anayefika saa tatu za usiku huona giza tu. Ukisha kusimama, geuza kichwa cha gari kielekee njia ya kutokea.

Pili, shuka na utoe salamu. Mtu akikuambia "Chamgei", mjibu "Chamgei mising", na akikusaidia, mwambie "Kongoi", yaani ahsante. Maneno hayo machache hufungua milango ambayo pesa peke yake haifungui. Sema jina lako, utokako, uendako, na idadi ya mlio nao. Omba ruhusa kabla hujashusha godoro, na ukikataliwa, shukuru uende kwingine.

Tatu, chagua penye mlinzi, maji na choo. Mimi hupendelea kituo cha petroli kinachofanya kazi usiku kucha, au ua wa hoteli ndogo ambamo hulipa kidogo nikalala ndani ya gari langu. Pasipokuwa na hayo, kuna kituo cha polisi au ofisi ya chifu. Hapo mtu huenda mchana, akajieleza, na akaambiwa pa kusimama. Shule na misheni nazo zina nyua kubwa zenye ukuta, lakini huko ni hisani ya wenyewe, si haki yako.

Neno la kukumbuka ni kwamba mwenyeji wako wa usiku si mwenye mali, bali ni mwenye zamu. Safari moja, katika kituo ambacho sitakitaja, msimamizi wa mchana aliturukhusu kwa maneno mazuri, nasi tukamnunulia mafuta. Saa sita za usiku tukagongewa kioo na mwenye zamu mwingine, ambaye mwenzake hakumwachia habari yoyote. Tuliondoshwa mvua ikinyesha na watoto wakilia. Tangu hapo siridhiki na ruhusa ya mchana peke yake. Humngoja korokoroni wa usiku mpaka aje, nikamsalimu. Safari nyingine, upande wa Litein, korokoroni mmoja wa makamo alikuja na kurunzi yake, akauliza, "Mama na watoto wamelala?" Nikamjibu, "Wamelala, mzee." Akasema, "Basi lala nawe. Mimi niko hapa mpaka asubuhi." Hakuna kufuli lililowahi kunipa usingizi kama maneno yale. Asubuhi tulikunywa naye chai, nasi tukampa halua tuliyoichukua Mombasa.

Yako pia mambo ya ndani ya gari. Kericho iko juu sana, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Mji wa Kale atatetemeka. Huo ndio wakati wa hatari, kwani atashawishika kuingiza jiko la makaa ndani ya gari. Asifanye hivyo kamwe, hata makaa yakiwa mekundu bila ya moshi. Hewa ya makaa haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini. Dawa ya baridi ni mablanketi, soksi, na kidirisha kilichoachwa wazi kidogo. Na anayeswali aangalie kibla chake: Mombasa twaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, lakini Kericho huelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma. Kila safari, tukiwa njiani baina ya Mombasa na Nairobi, twapita Makindu. Pale pana hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, na asili yake ni watu wao waliokuja kufanya kazi ya reli. Msafiri wa dini yoyote huingia, akafunika kichwa, akapewa chakula kisicho na nyama, na akitaka kulala hupewa pa kulala. Haulizwi kabila wala dini, wala halazimishwi kulipa. Mwenye kutaka hutia sadaka. Kericho nako wana hekalu kubwa, la ukumbusho wa Baba Puran Singh, na pale pia wageni hukirimiwa.

Je, sisi Waislamu tuna nini njiani? Msafiri ni mmoja katika mafungu manane yanayostahili zaka. Dini yetu imempunguzia sala, ikamruhusu kufungua saumu. Lakini katika barabara ndefu ya bara, twamwonyesha wapi pa kulaza ubavu? Misikiti iko. Mjini Kericho upo, na Bomet upo. Sisemi haya kuwalaumu Waislamu wa huko. Wao ni wachache, nyua zao ni ndogo, na wengi wao hutukaribisha kwa nyuso za furaha kuliko tunavyostahili. Nasema juu yetu sisi wa pwani, wenye kuchanga fedha nyingi kwa ajili ya mnara wa pili na zulia la tatu katika msikiti ambao tayari hauna upungufu. Fungu dogo la mchango huo lingetosha kujenga ukuta, taa moja, choo cha wanawake na mfereji wa maji kando ya msikiti mmoja wa nchi ya chai. Musafirkhana si neno geni kwetu. Wazee walilijua, sisi ndio tulioliacha likawa jina tupu.

Wako watakaosema kwamba uwanja kama huo utaleta wezi na wahuni. Jawabu ni rahisi. Pawe na daftari la kuandika jina na nambari ya gari, pawe na mlinzi anayelipwa, mwenye uwezo atoe ada, na habari zipelekwe kituo cha polisi. Mhuni hapendi daftari. Wala jambo hili si la misikiti peke yake. Kaunti za Kericho na Bomet zinataka wageni waje kuiona chai yao. Basi na zitenge pembe moja yenye taa katika stendi au soko, zitoze ada yake, na msafiri ajue kwamba hapo ameruhusiwa.

Na tusisahau upande wetu. Mkipsigis akija Malindi au Diani na kigari chake, mkewe na watoto wake, nasi twamlaza wapi? Ufuo umezungushiwa kuta, vichochoro vyetu ni vyembamba, na akisimama penye giza tutamwita mwizi wa bara. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilifika hata katika mashamba ya Kericho, na pwani nako tumewahi kuwaona watu wa bara wakifukuzwa. Nchi iliyopitia hayo haiponi kwa hotuba peke yake. Hupona pia pale mtu wa Litein anapomlinda mtoto wa Mombasa usiku kucha, na mtu wa Mombasa anapofanya vivyo hivyo kwa mtoto wa Litein.

Kwa hiyo shauri langu kwa wasafiri ni kwamba waache kuzima taa na kujibanza, na wajitambulishe kungali mchana. Na shauri langu kwa wenye kamati za misikiti ni kwamba, kabla ya kupitisha mchango mwingine wa zulia, waulizane ni nani kati yao aliye tayari kuandika barua kwa wenzao wa Bomet na kuwauliza uwanja wao una upana gani.