Mama Mjamzito Mwenye Sonona Ana Haki ya Kutibiwa



Katika mkoa wetu wa Kagera tunajua kuomboleza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa kwetu mwaka 1983. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba zetu. Kila mara majirani walikusanyika, wakapika, wakalala matangani pamoja na wafiwa.

Ipo, hata hivyo, huzuni isiyokusanya majirani, nayo ni ya mama mjamzito anayeugua sonona. Hana maiti ya kuzika wala jeraha la kuonesha. Kila akutanaye naye humpongeza kwa ajili ya tumbo lake, kumbe yeye hapati usingizi, chakula hakipiti, kazi ya kibanja imemshinda, na anajiona hafai kitu. Kwa kuwa watu wote wanamtazamia awe na furaha, anaona aibu kusema. Msiba wake hauna matanga.

Juu ya mama huyu tunapenda kutamka msimamo wetu bayana. Ana haki ya kutibiwa, na ana haki ya kupewa dawa pale anapozihitaji. Jamii inayomnyima haki hiyo, iwe kwa maneno, kwa hofu au kwa uzembe, inamdhulumu yeye pamoja na mtoto aliye tumboni.

Ugonjwa, wala si uhaba wa imani

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito, na asilimia 19.8 ya wanawake waliojifungua, hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Maana yake ni kwamba katika kila wajawazito sita au saba tunaowaona kanisani, sokoni Bukoba au katika foleni ya kliniki kule Muleba, huenda mmoja anaugua.

Wapo wasemao kuwa huo ni ugonjwa wa Wazungu. Tunawaomba watazame ng'ambo ya mpaka tu, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, kwa majirani zetu ambao wengi wao tunaelewana nao hata kwa lugha. Watafiti waliwauliza wanavijiji wa huko ni matatizo gani yaliyowapata kutokana na UKIMWI. Wanavijiji wenyewe, kwa maneno ya Kiganda, wakataja hali mbili: kujichukia na kujihurumia kupita kiasi. Dalili walizozieleza zilikuwa ndizo dalili za sonona. Hawakuhitaji daktari kutoka Ulaya awaambie kuwa ugonjwa huo upo.

Aidha, wapo wamwambiao mama wa namna hii asali zaidi, kana kwamba anaugua kwa sababu hakusali. Sala ni tegemeo letu sote. Lakini mwenye malaria tunamsalia na tunampeleka hospitali, wala hatumwambii achague moja. Kwa nini mgonjwa wa sonona tumpe sala peke yake, tena kwa sauti ya lawama?

Kuhusu dawa

Hofu ya dawa wakati wa mimba ni hofu ya haki, nasi hatuibezi. Mama anayeuliza, "Je, kidonge hiki hakitamdhuru mwanangu?" anauliza swali la mzazi mwema, na anastahili jibu la kweli.

Jibu la kweli ni kwamba dawa hazilingani. Valproeti, itumikayo kwa kifafa na kwa maradhi mengine ya akili, yajulikana kuwaletea watoto ulemavu, na inafaa kuepukwa wakati wa mimba kila inapowezekana. Miongoni mwa dawa za sonona, paroksetini nayo huepukwa, kwa sababu ya mashaka juu ya moyo wa mtoto. Lakini fluoksetini na sertralini zimechunguzwa kwa miaka mingi. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2014 uliangalia mimba karibu 950,000, ambamo akina mama 64,389 walitumia dawa za sonona katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya kuzingatia tofauti nyingine za akina mama hao, haukuona ongezeko kubwa la kasoro za moyo kwa watoto wao. Baadhi ya watoto wachanga hutetemeka kidogo, hulia sana au hunyonya kwa shida siku za kwanza, na kwa kawaida hali hiyo hupita. Ipo pia hatari ndogo ya shida ya kupumua baada ya kuzaliwa, ipatayo watoto wachache sana katika kila 1,000. Kwa hiyo inafaa mkunga aambiwe mapema juu ya dawa anayotumia mama, ili mtoto aangaliwe.

Hayo ni upande mmoja wa mizani. Upande wa pili mara nyingi tunausahau, nao ni kwamba sonona isiyotibiwa yenyewe ina madhara. Mama asiyekula, asiyelala, aliyeacha kliniki au aliyeanza kujifariji kwa pombe, hayuko salama, wala mtoto wake. Watoto wa akina mama hao wamo katika hatari zaidi ya kuzaliwa kabla ya wakati na wakiwa na uzito mdogo. Na lililo zito kuliko yote, wapo akina mama wanaojiua. Kwa hiyo anayemwambia mama atupe vidonge hawezi kusema kuwa amechagua usalama. Amechagua hatari nyingine, tena bila kumpima mgonjwa.

Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa akina mama 201 wa Marekani waliokuwa wamepata nafuu ya sonona kabla ya mimba. Kati ya walioendelea na dawa, asilimia 26 waliugua tena wakati wa mimba. Kati ya walioacha, waliougua tena ni asilimia 68. Ndiyo maana tunasema: mama asianze dawa kwa ushauri wa jirani, na asiache kwa ushauri wa jirani. Uamuzi ni wake yeye mwenyewe, pamoja na mganga aliyemchunguza. Akianza, avumilie, kwani nafuu huchukua majuma mawili hadi manne au zaidi. Akitaka kuacha, apunguze polepole kwa kuelekezwa.

Dawa peke yake haitoshi

Wala hatusemi kwamba kila mwenye huzuni apewe kidonge. Sonona iliyo nyepesi yaweza kutibiwa kwa mazungumzo yaliyopangwa vizuri. Kule Rakai na Masaka, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 na kuhusisha vijiji 30, watu wazima walikutana katika vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, mara moja kwa juma kwa majuma 16. Waliowaongoza walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Mwanzoni asilimia 86 ya wanavikundi walikuwa na sonona, na mwishoni ni asilimia 6.5. Kati ya wale ambao hawakupata vikundi, idadi ilitoka asilimia 94 hadi 54.7 tu. Huko Pakistani nako, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionesha kuwa mtoto alipofikisha miezi sita, waliokuwa bado na sonona ni asilimia 23 ya akina mama waliotembelewa hivyo, na asilimia 53 ya wengine.

Sisi tunazo jumuiya ndogo ndogo kila mtaa, tangu Bilele hadi vijiji vya Muleba. Vyombo tunavyo. Kinachotukosa ni mafunzo na nia.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Hakuna kidonge kinachoondoa kipigo. Mama anayepigwa na mumewe, aliyetishwa kufukuzwa katika kibanja, au aliyeambiwa majibu ya UKIMWI na kisha akaachwa na ndugu, anahitaji tiba na anahitaji haki. Tukimpa dawa na kumrudisha palepale panapomwumiza, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi.

Sheria yenyewe yatuonya

Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 199, hutambua kuwa mwanamke aweza kumwua mtoto wake aliye chini ya miezi 12 akiwa ameharibikiwa na mizani ya akili kwa sababu ya uzazi, na kosa lake halihesabiwi kuwa mauaji ya kukusudia. Basi sheria inajua kuwa uzazi waweza kuumiza akili. Ni jambo la kusikitisha ikiwa mahakama italitambua hilo baada ya mtoto kufa, na sisi majirani tusilitambue wakati mama na mtoto wote wangali hai.

Tunalopendekeza

Kwanza, kila kiongozi wa jumuiya ajue maswali mawili: "Mwezi huu umekuwa ukisumbuliwa na huzuni au kukata tamaa? Umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda?" Ayaulize faraghani, kwa upole, na majibu ayatunze kama siri. Akijibiwa ndiyo, amsindikize mama huyo kliniki, asimwachie kuponi ya ushauri na kwenda zake.

Pili, mama akisema anataka kujiua au kumdhuru mtoto, au akianza kusikia sauti na kusema mambo yasiyoeleweka, hiyo ni dharura. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tatu, waume wafike kliniki pamoja na wake zao, wasikie wenyewe maelezo ya dawa, na waache kuficha au kutupa vidonge.

Nne, halmashauri za walei ziulize katika zahanati na vituo vyetu vya afya: je, dawa za sonona zipo? Yupo aliyefundishwa kuzitoa kwa mjamzito? Tunapouliza hivi hatuombi fadhila. Bunge lilikwisha kutunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008, na mgonjwa asilazimike kusafiri hadi Bugando au Mirembe kwa ajili ya jambo liwezalo kutibiwa karibu na nyumbani.

Ndugu, tumezoea kusema kuwa tunautetea uhai tangu tumboni. Uhai ulio tumboni unategemea damu, chakula na akili ya mama yake. Hatuwezi kumtetea mmoja na kumwacha mwingine.

Ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, yupo mama katika jumuiya yetu ambaye siku hizi haonekani, nasi hatujauliza sababu?

2. Ni maneno gani tunayowaambia wajawazito ambayo huwafanya waogope kusema kuwa wanaugua?

3. Nani katika jumuiya yetu atakubali kufundishwa ili aweze kuwatembelea?