Mpiga picha ni mwanamke, sawa. Na anayeziediti?



Msimu wa harusi umeingia na charahani yangu hailali. Mimi ni fundi wa nguo, si mpiga picha, lakini siku hizi kazi hizi mbili ni mapacha. Bibi harusi anakuja kupimwa na simu mkononi, na la kwanza analouliza ni kama nguo "itatoka vizuri kwenye picha". Kwa hiyo leo niruhusuni niingie kwenye kazi ya watu.

Mwaka jana nilimshonea binti mmoja nguo ya kutolewa ukumbini. Shughuli ya wanawake watupu. Mama yake aliweka kapu mlangoni, kila anayeingia anaacha simu, hata mashangazi watu wazima hawakuachwa. Mpiga picha alikuwa mwanamke, kamera yake nzuri, pesa yake kalipwa mapema. Sote tukaona mambo yamefungwa. Siku ya nne picha ya binti, kichwa wazi, mabega wazi, iko kwenye ukurasa wa kijana anayetangaza kazi zake za kuediti.

Yule dada kweli alipiga mwenyewe. Kisha akampa kijana kadi nzima, kwa sababu kompyuta haijui. Na kijana wala hakuona kosa, kwake ile ilikuwa sampuli ya kazi. Picha ilitolewa siku ile ile, lakini nani anajua waliokwisha kuihifadhi? Binti alianza wiki yake ya kwanza ya ndoa akijibu maswali ambayo hakuwa na jibu lake.

Rai yangu ni hii, na najua wapo watakaonuna: sharti letu la mpiga picha mwanamke tumelifanya la mlangoni tu. Suratun Nur, aya ya 31, imetaja pambo la mwanamke na wanaoruhusiwa kuliona. Jicho la mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, anakuza uso wako mpaka vinyweleo, nalo ni jicho, tena linakaa juu yako muda mrefu kuliko la mgeni yeyote ukumbini.

Mtaniambia, basi picha zisiedititwe? Ziedititwe, lakini kidogo, na aliyezipiga. Sehemu kubwa ya huko kuediti ni kurekebisha picha iliyopigwa vibaya. Kamera ikiachwa ijipangie mwanga yenyewe, hutafuta wastani. Nguo nyeupe ikijaa kwenye picha, kamera inadhani pamezidi mwanga, inapunguza, na uso wa bibi harusi unakuwa giza. Baibui jeusi likijaa, inaongeza, uso unapauka. Dawa yake hata kwenye simu ipo: gusa uso kwenye kioo, kisha upandishe au ushushe mwanga kwa kidole mpaka ngozi ifanane na ngozi. Nguo utaiangalia baadaye, na hilo nalisema mimi niliyeishona!

Jengine ni taa. Taa ya dari inatia vivuli machoni, mtu anaonekana hakulala wiki. Zima, msogeze bibi harusi kwenye dirisha, mwanga umpige ubavuni. Mwanga wa ubavuni ndio unaotoa lesi na ushanga, wa usoni moja kwa moja unailaza nguo yote kama shuka. Na usichanganye dirisha na taa ya rangi nyengine, utapata shavu moja la buluu na moja la manjano, hapo tena utamtafuta kijana wa kompyuta.

Halafu hili la kumfanya kila bibi harusi mweupe. Zamani lawama tungewapa wenye mitambo: kwa miaka mingi maabara za picha zilipanga rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa kizungu, ngozi zetu zikatoka zinavyotoka. Leo watengenezaji wenyewe wanajirekebisha. Google walitoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 wakiitangaza kwamba inachukua ngozi nyeusi kwa rangi yake. Sasa simu inajifunza kutuona, sisi tunabonyeza filta tujifute. Nikitazama picha za nyeusi na nyeupe za Capital Art Studio, ile aliyoifungua Ranchhod Oza Mji Mkongwe mwaka 1930, kinachonivutia ni kwamba watu wanafanana na wao. Bibi harusi wa siku hizi mama yake mwenyewe anauliza, "Huyu nani?"

Na hizi programu za akili bandia zinazolainisha uso kwa sekunde mbili, nyingi hazifanyi kazi ndani ya simu yako. Picha inapelekwa kwenye kompyuta za watu, nchi usiyoijua, ndipo irudi. Vilevile simu nyingi zinapandisha picha mtandaoni zenyewe, na kama akaunti mnatumia na kaka yako, basi kaka yako anazo.

Wala msinione msafi. Niliwahi kuweka status nguo ya mteja akiwa ameivaa, kichwa nimekikata. Nikajiona mjanja. Akanipigia: "Dada, piko langu lile mtaa mzima unalijua." Nilifuta, nikamwomba radhi, na tangu siku ile nguo zangu zinapigwa picha zimetundikwa mlangoni.

Mtoto wa kaka yangu amejifunza kamera, na Jumamosi hii ana harusi yake ya kwanza. Tumekubaliana picha ataziediti mwenyewe, kwenye kompyuta isiyo na intaneti, hata zikichukua wiki mbili. Akimaliza, kadi anamkabidhi bibi harusi mkononi, na yeye habakishi hata moja. Ameniuliza, "Sasa shangazi, kazi yangu watu wataionaje?" Nimemwambia aanze na keki, viatu na mapambo ya ukumbi.