Huko Juu Chepkitale

Msomaji wangu, ukiwa Kitale asubuhi isiyo na ukungu, hebu inua macho uutazame Mlima Elgon. Juu ya ile misitu ya mianzi, kwenye nyanda za nyasi upande wa Bungoma, kuna watu. Ni Waogiek wa Chepkitale. Wanafuga ng'ombe, wanatundika mizinga, na baridi ya usiku huko si ya mchezo, moto hauzimwi. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, njia ni matope na mteremko. Wewe ungeweza?

Labda utasema, "Si wahame?" Walishahamishwa! Miaka ya 1970 walipelekwa chini, Chepyuk, na mashamba hayo yakaja kuzua ugomvi uliomwaga damu kuanzia 2006 hadi 2008. Tena mwaka wa 2000 serikali ikatangaza Chepkitale kuwa hifadhi. Mtu akawa mvamizi kwa babu yake! Mpaka Septemba 2022 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma ilipolibatilisha tangazo hilo.

Basi ukinunua asali sokoni, muulize mama muuzaji imetoka mlima gani.