Mkopaji na Aijue Sheria ya Rehani Yake

Mwananchi wa Unguja anapokwenda benki kukopa, jambo la kwanza huulizwa ana mali gani ya kuweka rehani. Hutoa hati ya nyumba yake, akatia saini karatasi nyingi, akarudi kwake na fedha. Jambo moja aghalabu huwa hakulifahamu: siku akishindwa kulipa, nyumba hiyo itauzwa kwa sheria ya wapi?

Wapo wanaodhani kuwa suali hili halina maana, kwani nchi ni moja, shilingi ni moja na benki ni moja. Ni kweli kwamba Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imeyaweka mabenki na sarafu katika orodha ya mambo ya Muungano. Lakini ardhi haimo katika orodha hiyo. Bara ina Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na Zanzibar ina sheria yake ya umiliki wa ardhi ya mwaka 1992. Kila upande una msajili wake na Mahakama Kuu yake.

Kwa hiyo hatuna budi kutenganisha deni na rehani. Deni ni mapatano ya watu wawili, nao waweza kukubaliana kuwa mapatano yao yaongozwe na sheria za Bara. Rehani ya nyumba au kiwanja ni jambo jingine. Hiyo hufuata sheria ya mahali mali ilipo. Nyumba iliyoko Mji Mkongwe haihamii Kariakoo kwa sababu tu mkataba umetiwa saini huko.

Tofauti hii si ya mawakili peke yao. Sheria ya Ardhi ya Bara inataka nyumba ya mume na mke isiwekwe rehani ila kwa ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Mke wa Unguja aliyesikia habari hiyo redioni, akadhani kifungu hicho kinamlinda naye, amekosea. Kifungu hicho hakikuvuka bahari. Inampasa aulize sheria za Zanzibar zinampa haki gani, na aulize mapema, si siku ambayo dalali amekwisha simama mlangoni.

Katika Qurani Tukufu, Sura ya Al-Baqara imeagiza deni liandikwe, na walio safarini wasiopata mwandishi wapeane rehani ya kukabidhiwa mkononi. Rehani ya namna hiyo haina utata, kwa kuwa mkopeshaji anayo. Ya leo ni kinyume: mali hubaki kwa mkopaji na kinachokabidhiwa ni karatasi. Basi karatasi hiyo isipofahamika, mmoja wao atadhulumika.

Tunazitaka benki ziwaeleze wakopaji, kwa Kiswahili kilicho wazi, ni sheria ya upande upi itakayotumika juu ya mali yao na ni mahakama ipi itakayosikiliza shauri. Tunazitaka pia ofisi za usajili za pande zote mbili zipeane taarifa, ili mkopeshaji wa upande mmoja apate kujua madeni yaliyoandikwa upande wa pili.

Na mwananchi, kabla ya kushika kalamu, aulize nyumba yake iko chini ya sheria gani. Asiposhiba jibu, asitie saini.