Msiniagize Tena Maiki!



Nimekuwa kimya siku nyingi, kazi zimebana, mtanisamehe. Leo nimekaa kuandika kwa hasira kidogo, na atakayenuna anune. Tangu mwaka huu uanze nimeshapokea maombi manne ya maiki. Si simu, si manukato, si dhahabu... maiki! Kaka yangu wa Mombasa anataka ya kasida, vijana wa madrasa wanataka, na binamu yangu wa Unguja ndiye kinara wao. Kila mmoja ananitumia picha, na kila mmoja anaamini kitu kikitoka Dubai basi sauti itatoka ya studio. Jamani, hapa Deira maiki haziooti mchangani! Zinashuka melini kama zinavyoshuka bandarini Darisalama. Na za feki zimejaa vile vile. Ile Shure SM58 mnayoiona mikononi mwa waimbaji dunia nzima ni miongoni mwa zinazoigizwa sana, mpaka kampuni yenyewe huwatahadharisha wateja.

Sasa nisikilizeni kisa cha binamu, na yeye anasoma hapa, asikasirike.

Mwaka jana alitaka maiki ya kondensa kwa ajili ya kumrekodi ami yetu. Ami mnamjua, udi wake na nyimbo zile za harusi za zamani ambazo sasa hakuna mwingine katika ukoo anayezijua beti zote. Nikajikamua, nikanunua, nikampa mtu anayekwenda. Wiki ya kwanza simu: "Umetapeliwa, haitoi sauti." Kumbe kaichomeka moja kwa moja kwenye simu! Maiki ile inataka umeme wa volti 48 kupitia waya wake, na tundu la simu halitoi umeme huo. Nikatuma na kile kiboksi cha kuichomekea. Haya, wakarekodi, wakanitumia.

Nilisikiliza nikiwa kitandani, nikakaa kitako. Feni nasikia. Mlango wa jirani nasikia. Jogoo pia yumo, tena kwa ufasaha. Ami yuko mbali kama mtu anayeimba ndani ya birika. Nilirudia mara tano na ubeti wa tatu sijauelewa mpaka leo. Nikaomba picha ya chumba: vigae chini, kuta tupu, bati juu, maiki katikati ya chumba na Ami kwenye kochi la ukutani, hatua nne nzima! Na maiki yenyewe imesimamishwa kichwa kikimwelekea Ami, kama mtu anayetaka kulambishwa aiskrimu, wakati aina ile inasikia kwa ubavu wake wenye nembo.

Binamu akasema tatizo ni maiki ya bei ndogo, nitafute kubwa zaidi. Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza.

Maiki kali zaidi ingelisikia lile feni vizuri zaidi, basi! Maiki haijui Ami ni nani. Inachukua kinachoifikia. Ukiisogeza umbali ukawa nusu, sauti ya mwimbaji inapanda kama desibeli 6, na mwangwi wa chumba unabaki pale pale. Sogeza tena nusu, unapata nyingine 6. Hakuna duka hapa mjini litakalokuuzia faida hiyo, na kusogeza stendi ni bure.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi. Kurekodi kwa maiki za umeme kulikuwa kumeanza 1925 tu. Simu iliyomo mfukoni mwako inanasa sauti kwa upana kuliko mitambo ya siku zile. Lakini fundi wa zama zile alijua kwamba hakuna kurekebisha baadaye, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kupanga nani akae mbele na nani arudi nyuma. Sisi tuna kila kitu na tunamweka mzee kwenye kochi la ukutani.

Mtasema, mwenzetu uko Dubai unaongea kwa raha. Raha gani? Mimi mwenyewe kosa langu la kwanza nililifanyia hapa chumbani kwangu, nikirekodi dua nikaituma nyumbani, mkanijibu mbona kuna mvua huko. Ilikuwa AC! Siku hizi nazima AC, mwezi wa Julai, najifungia na kabati lililo wazi limejaa makanzu mgongoni kwangu, natoka nimelowa kama niliyepiga mbizi. Lakini neno linasikika.

Basi binamu, Ami ameshapita miaka 80 na pumzi yake unaijua. Alhamisi hii baada ya Isha, mwombe tena, kwa adabu, umpelekee na kahawa. Msimpeleke sebuleni. Tumieni chumba cha bibi chenye zulia na godoro, muongeze mablanketi ukutani nyuma ya Ami. Feni lizimwe, friji ichomolewe (na mkumbuke kuirudisha, samaki wa shangazi wasije wakaniletea kesi). Maiki ubavu wenye nembo umwelekee, shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, ikae pembeni kidogo ya pumzi, kwa sababu nyimbo zile kila mstari una "penzi" na kila "p" itapasuka kama puto. Udi uwekee simu ya pili, kama shibiri moja na nusu, ielekee pale shingo inapokutana na tumbo. Usiielekeze kwenye tundu, itavuma tu. Mwanzoni apige kofi moja, tutalitumia kuoanisha hizo mbili.

Halafu kabla hajaanza wimbo, rekodi dakika moja akizungumza, unitumie WhatsApp. Nitakuwa macho. Nikisikia feni napiga simu hapo hapo, na nitampigia shangazi, si wewe.