Mbunge akijiuzulu akabidhi kwanza



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe dukuduku langu juu ya wabunge na madiwani wanaojiuzulu katikati ya kipindi na kutuachia chaguzi ndogo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Diwani wetu alipojiuzulu na kuhamia chama kingine, nilipangiwa kazi ya karani mwongozaji katika kituo cha kupigia kura, ambacho ni darasa langu la tatu. Mzee mmoja akaniuliza mlangoni, "Mwalimu, yule tuliyemchagua amefariki?" Nikamweleza kuwa amejiuzulu, na jina lake limo tena katika karatasi ya kura. Mzee akasema, "Kama ni yeye yule, sisi tumeitwa kufanya nini?" Sikuwa na jibu.

Swali lile si la kata yetu peke yake. Katika Jimbo la Igunga, mbunge aliyechaguliwa Oktoba 2010 alijiuzulu Julai 2011. Uchaguzi mdogo ulipofanyika Oktoba 2, 2011, vyama vilipeleka vigogo wao na helikopta zikaruka. Lakini kati ya watu zaidi ya 170,000 walioandikishwa, waliopiga kura hawakufika theluthi moja.

Februari 17, 2018 ikawa zamu ya Siha na Kinondoni. Wabunge wawili waliojiuzulu Desemba 2017 walitoka vyama vya upinzani, wakaingia CCM, wakagombea viti vilevile na kushinda. Siku moja kabla ya kura, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala huko Kinondoni, wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Yeye hakuwa akigombea kitu. Nauliza, uchaguzi ule ulikuwa na lazima gani?

Wapo watakaosema kila raia ana uhuru wa kujiunga na chama akipendacho. Ni kweli, na Katiba inasema mbunge akiacha chama chake anapoteza kiti. Simkatazi mtu kuhama. Ninachopinga ni kuacha kiti leo na kukiomba kesho kwa gharama ya umma.

Mwalimu mkuu akihamishwa haondoki hivi hivi. Anakabidhi vitabu, madawati, fedha na daftari la mahudhurio, na anayempokea anatia sahihi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa nini mbunge aondoke kwa barua tu, na ahadi zake za zahanati na kisima zibaki hewani?

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, anayejiuzulu aitishe mkutano wa hadhara jimboni, aeleze sababu na akabidhi miradi aliyoianza. Pili, sheria irekebishwe ili aliyejiuzulu kwa hiari yake asigombee katika uchaguzi mdogo aliousababisha. Asubiri uchaguzi mkuu kama wenzake. Akiwa anapendwa kweli, wananchi hawatamsahau.

Kura ni dhamana. Tukiendelea kuichezea, iko siku tutafungua milango ya madarasa asubuhi na hakuna atakayekuja. Naomba wahusika walitazame jambo hili.

Mwalimu wa Kijijini,
Tabora.